Meza ya mulombwa yenye rangi mbili: upake nini?

Kijana mmoja mwenye karakana ndogo Katuba, hapa Lubumbashi, ameniuliza hivi juu ya mulombwa, mti ambao wengine wanauita mninga:

"Jambo sana, Papa. Niko na meza ya watu nane, yote mulombwa, nimeshaiunga na kuipiga randa. Shida ni rangi. Mbao mbili ni kahawia nyekundu yenye mistari, moja iko kama asali, na mbili za pembeni ziko na weupe wa upana wa vidole vitatu. Mama mwenye meza, anakaa mtaa wa Golf, alipita kuiona akasema inafanana na meza ya vipande vya kuokota. Mwenzangu mmoja anasema nipige verni ya akaju, ile ya rangi ya mahogani, juu ya yote, rangi itakuwa moja. Mwingine anasema mafuta ya kitani yatasawazisha. Bado sijapaka kitu. Nipake nini?"

Mwanangu, ni bahati kwamba kopo halijafunguliwa. Usipige akaju, na mafuta ya kitani yaachie mipini ya majembe. Tia rangi ule weupe peke yake, rangi nyepesi kuliko unavyodhani. Kisha meza nzima uifunge kwa gomalaka nyembamba (ile verni inayoyeyushwa kwa alkoli, Waingereza wanaiita shellac), na juu yake verni ya poliurethani isiyo na rangi, yenye mng'ao wa kati. Ule ubao wa asali usiuguse. Sasa nikueleze kwa nini, maana mama wa Golf atakuuliza, na ukikosa jibu atarudi kwenye akaju.

Watu wengi wanaamini verni inasawazisha rangi ya mbao. Kinyume chake ndiyo kweli. Mbao kavu iliyopigwa msasa inaonekana imefifia kwa sababu mwanga unatawanyika kwenye nyuzi zilizokatika na hewa iliyomo katikati yake. Ukijaza nafasi hizo kwa mafuta au verni, mwanga unaingia ndani zaidi kabla ya kurudi machoni, na rangi inaiva. Kiini cha mulombwa, yaani mbao ya ndani ya gogo, kimejaa rangi ya kuiva. Weupe hauna kitu cha kuiva. Kwa hiyo kiini kinazama sana, weupe unazama kidogo tu, na pengo lililomkera mama kwenye mbao kavu linapanuka siku ileile unayoleta meza inayong'aa. Mafuta ya kitani yanafanya hivyo kuliko vyote, tena yanaendelea kuwa meusi mwaka hadi mwaka, hasa pale pasipopata mwanga. Huyo mwenzako wa pili ameona meza iliyopakwa mafuta ikapendeza, na ni kweli inapendeza, lakini ilikuwa mbao ya rangi moja tangu mwanzo.

Hutakiwi kuniamini kwa maneno. Lowesha kitambaa safi kwa waiti spiriti, pitisha kwenye meza nzima, na utazame kabla haijakauka. Rangi unayoiona dakika hiyo ndiyo utakayoipata chini ya verni isiyo na rangi, ila verni za mafuta zitaongeza umanjano kidogo. Maji pia yanaonyesha, lakini yanasimamisha nyuzi, utalazimika kupiga msasa tena.

Meza ikiwa bado imelowa, izunguke. Hapa ndipo mafundi wengi wanakosea hesabu. Kuna tofauti ya rangi ambayo si rangi kabisa. Nyuzi za mulombwa hazikunyooka kila mara. Zikipishana, ubao mmoja unaonekana mweusi ukisimama upande wa dirisha na mweupe ukisimama upande wa mlango, na jirani yake aliyegeuzwa kichwa chini anafanya kinyume. Hiyo ni kazi ya mwanga na mwelekeo wa nyuzi. Hakuna rangi itakayoiondoa, kwa sababu ukiipaka ili ifanane ukiwa umesimama huku, itaachana ukisimama kule. Dawa yake ilikuwa kugeuza ubao kabla ya kupaka gundi. Ukikuta mbao zako mbili za kahawia zinabadilishana giza unapozunguka, ziache hivyo hivyo na umwonyeshe mama mchezo huo. Wenye meza wengi wanaupenda wakishaelezwa. Tofauti inayobaki palepale popote unaposimama ndiyo ya rangi, na ndiyo tunayoishughulikia.

Weupe wako ni ile sehemu ya nje ya gogo, iliyokuwa hai, iliyokuwa ikipandisha maji na kuhifadhi chakula cha mti. Mti unapozeeka, sehemu za ndani zinakufa na kujazwa vitu vinavyoleta rangi, harufu na ugumu wa kustahimili wadudu. Ndiyo maana mulombwa mzee una kiini kipana, na mti mchanga una weupe mwingi. Zamani weupe tulikuwa tunaukata na kuuchomea chai. Siku hizi magogo yanayofika mjini ni membamba, na bei si ile tena. Biashara ya mukula, ndugu wa damu wa mulombwa, ilifagia misitu ya mkoa wetu wa Haut-Katanga. Mukula uliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya miti na wanyama walio hatarini, mwaka 2019, na kwenye mkutano wa Panama wa 2022 miti yote ya jamii ya Pterocarpus ya Afrika ikafuata, mulombwa ukiwamo, hivyo kuivusha mpaka kunahitaji karatasi. Sikulaumu basi kwa kubakiza vidole vitatu vya weupe. Ila umesema uko kwenye mbao za pembeni. Kama uko ukingoni kabisa na meza ina upana wa kutosha, piga hesabu: ukiondoa vidole vitatu kila upande, watu nane bado wanakaa na sahani zao katikati? Kama ndiyo, msumeno ni rahisi kuliko rangi. Kama hapana, tuendelee.

Kabla ya rangi, ukague ule weupe kwa jicho la karibu. Una wanga ndani yake, na kuna mdudu anayeutafuta wanga huo. Anaacha vitundu vidogo vya duara, upana wa milimita moja au mbili, na unga laini kama wa muhogo. Ukiona hata kitundu kimoja chenye unga mpya, usimalizie meza hiyo mpaka umeitibu. Kama ni safi, kumbuka kufunga pande zote za mbao kwa verni, chini ya meza pia. Mdudu huyu anataga kwenye vinyweleo vilivyo wazi. Mafundi wanaacha uvungu mkavu kwa sababu mteja hainami, na huko ndiko anakoingilia.

Sasa akaju. Verni yenye rangi ndani yake inaweka pazia lilelile juu ya kila ubao. Kiini chako ambacho tayari ni kahawia kitakaribia weusi, weupe utakuwa mwekundu wa matofali, na bado utaona mpaka kati yao, isipokuwa upige makoti mengi mpaka nyuzi zote zipotee. Ukifika hapo umemuuzia mama meza ya mulombwa ambayo hakuna atakayejua ni mulombwa. Angeweza kununua msonobari wa Zambia akaokoa pesa. Tena rangi hiyo inakaa kwenye ngozi ya juu tu. Siku mtoto akiburuza sufuria, mkwaruzo unakuwa mstari mweupe, na kuuziba bila kovu ni kazi ngumu kuliko kupaka meza upya.

Najua pia atatokea mtu wa kukwambia upauke kiini kwa Javel, dawa ya kupaukia nguo, mpaka kifanane na weupe. Javel inaondoa rangi ya kupakwa, rangi ya mti wenyewe haiiwezi. Inayoiweza ni soda kostiki pamoja na hidrojeni peroksaidi ya nguvu, inayounguza ngozi na macho, na mbao inayotoka humo inabaki imekufa sura. Meza ya kulia chakula haistahili hilo. Kitu kimoja tu nakubali kukiondoa kwa kemikali: alama za weusi wa buluu pale kibano cha chuma kiliposhika mbao yenye unyevu wa gundi. Hizo zinatoka kwa asidi ya oksali iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, kisha unasuuza vizuri na kuacha ikauke kabisa. Vaa glavu, na usipige msasa pale kabla hujasuuza, maana vumbi lake ni sumu.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Piga msasa 120, kisha 150, kisha 180, na uishie hapo. Vaa kitu puani, kwa sababu vumbi la mulombwa linakamata kifua, na wapo mafundi wanaopata pumu kwalo. Ukimaliza, usifute vumbi kwa kitambaa chenye diluanti, yaani kiyeyusho cha rangi. Vumbi hilo ni jekundu, na diluanti italiyeyusha na kulisukuma ndani ya vinyweleo vya weupe, halafu utalifukuza siku nzima. Puliza kwa hewa au tumia brashi kavu, kutoka kwenye weupe kuelekea kiini.

Halafu fanya jaribio dogo. Chukua kitambaa cheupe chenye alkoli na usugue kiini mahali pa siri, uvunguni. Kitambaa kikibaki safi, endelea kwa raha. Kikitoka na wekundu, ujue kiini chako kinachuja, na jamii hii ya miti inajulikana kwa tabia hiyo. Maana yake ni kwamba rangi ya weupe utumie ya maji, na gomalaka utakapoipaka, brashi ianzie kwenye weupe iishie kwenye kiini, kamwe isirudi.

Rangi ninayoisema ni ile ya unga, anilini, inayoyeyuka yote bila kubakiza tope chini ya chupa. Rangi ya kopo yenye chembe inakaa kwenye vinyweleo na kufunika, ndiyo inayoleta ule wekundu wa matofali. Anilini inabaki angavu, nyuzi zinaonekana chini yake. Changanya kahawia ya njano kwanza, na pembeni chombo kingine cha kahawia nyekundu. Zote mbili ziwe dhaifu. Kosa la kila anayeanza ni kulenga rangi ya sehemu nyeusi ya kiini. Lenga ile nyepesi kuliko zote unayoiona ndani ya kiini, na kwa meza yako una bahati, ubao wa asali unakuonyesha hiyo rangi waziwazi. Jicho la mtu likiona weupe umekuwa asali, na asali nyingine iko katikati ya meza, linaukubali kama sehemu ya mbao. Ukiupeleka mpaka kahawia nyekundu, utaonekana umepakwa.

Lowesha weupe kwa maji kidogo siku moja kabla, ukikauka pitisha 180 kwa mkono mwepesi, ili nyuzi zisisimame tena ukitia rangi. Kisha paka kahawia ya njano kwa brashi nyembamba, kufuata nyuzi, mpaka ukingoni mwa kiini bila kukiingia. Mpaka wa weupe na kiini kwenye mulombwa ni mkali, na mstari ulionyooka ndio unaomsaliti fundi. Uvunje: chovya brashi iliyokaribia kukauka kwenye kahawia nyekundu na uvute mistari michache ya urefu usiolingana, ikitoka kwenye kiini na kufifia ndani ya weupe, kama mistari ambayo mti wenyewe unayo. Simama mbali hatua tatu, tazama, acha ikauke. Ikikauka itaonekana imekufa na utataka kuongeza. Usiongeze. Ipitishe waiti spiriti uone rangi ya kweli, kisha ndipo uamue. Vichwa vya mbao, pale nyuzi zilipokatwa, vinakunywa rangi maradufu, hivyo vipige msasa mpaka 240 na utumie rangi uliyoipunguza nguvu kwa nusu.

Ukikosa anilini madukani, fuwele za pamanganeti zinazouzwa famasi zitakusaidia. Zinapakwa zambarau na kugeuka kahawia mbele ya macho yako. Tumia chombo cha plastiki, brashi ya bei ndogo, glavu, na usiiweke karibu na mafuta wala alkoli ikiwa bado ni unga, kwa sababu inaweza kuwasha moto. Kahawia yake inafifia juani, kwa hiyo sipendi kuitumia kwa meza inayokaa dirishani.

Gomalaka inakuja sasa, koti moja jembamba, kazi yake ikiwa kufungia rangi ya weupe na wekundu wa kiini visihame. Tumia isiyo na nta. Kama uliyonayo ina nta, iyeyushe kwenye alkoli, iache itulie mpaka tope litue chini, umimine ile safi ya juu. Nta ikibaki, poliurethani inaweza kukataa kushika, na utaigundua miezi baadaye inapobanduka. Wala usishawishike kuishia kwenye gomalaka kwa sababu inapendeza. Sufuria ya bukari (ugali) iliyotoka motoni itaacha duara jeupe siku ya kwanza, na tone la kinywaji kikali linaiyeyusha.

Kwa sababu hiyohiyo siipendi fonduri (koti la chini la kujazia vinyweleo) na verni ya seluloza kwa meza ya chakula, ingawa karakana nyingi zinaishi nayo. Inakauka haraka, ndiyo, lakini joto na maji vinaishinda. Tena ukiipuliza kati ya Novemba na Aprili, hewa ikiwa imejaa mvua, inaingia ukungu mweupe. Kwa kabati la chumbani ni sawa. Kwa meza ambayo chupa za bia ya Simba zitatoa jasho juu yake kila Jumapili, poliurethani. Makoti matatu membamba, la kwanza lililopunguzwa kidogo, na msasa 320 kati ya koti na koti. Mawili ya chini yawe ya kung'aa, la mwisho la mng'ao wa kati. Kung'aa sana kunavuta giza la kiini na kuonyesha kila tofauti, mng'ao wa kati unazituliza. Koroga kopo la mwisho kila baada ya dakika chache, kwani unga unaopunguza mng'ao unazama chini.

Usisubiri umeme kwa ajili ya kompresa. Brashi nzuri inatosha, na ukikatiwa katikati ya kupuliza utakuwa na meza yenye nusu mbili. Sasa vumbi la kiangazi. Agosti na Septemba upepo hauna huruma, kwa hiyo mwagia sakafu maji na upake alfajiri kabla barabara haijaamka. Usiku wadudu wanaifuata taa. Kama ni Juni au Julai na verni imekuwa nzito kwa baridi ya asubuhi, weka kopo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Kamwe usiipashe jikoni. Na kama licha ya yote niliyosema utapaka mafuta ya kitani kwenye kazi nyingine, vitambaa vyake vitandaze nje au uvizamishe kwenye maji. Vikikunjwa na kurundikwa kwenye pembe vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka.

Sijasema kitu juu ya ule ubao wa asali. Nimekwambia usiuguse kwa sababu mwanga wenyewe utafanya nusu ya kazi. Kiini chekundu cha jamii hii kinapoteza ukali wa wekundu wake kadiri kinavyopata mwanga na kuelekea kahawia, na mbao nyepesi nazo zinaelekea umanjano. Zinakaribiana. Hazitakuwa moja, lakini meza ya mwakani si hii mama aliyoiona ikiwa kavu, iliyojaa vumbi la randa. Hiyo nayo ni sababu ya kutolenga giza kwenye weupe: kiini kikitulia, rangi uliyoipaka ikiwa nzito itabaki peke yake inapiga kelele.

Kabla ya yote haya, chukua masalio ya mbao zilezile, kipande chenye kiini na weupe pamoja, urefu wa mkono. Kigawe sehemu tatu: moja verni tupu, moja weupe uliotiwa rangi kwa utaratibu wote mpaka koti la mwisho, moja akaju anayoitaka mwenzako. Usimwonyeshe mama hapo karakana chini ya bati. Kipeleke Golf, ukilaze pale meza itakapokaa, mchana kwanza, kisha aone na taa zikiwashwa, kwa kuwa balbu nyeupe ya buluu inaua wekundu wa mulombwa na balbu ya njano inauongeza. Achague mwenyewe. Akichagua akaju, paka akaju, umwandikie kwenye risiti kwamba ndivyo alivyochagua. Akichagua ya katikati, mwambie pia kwamba verni inakauka kwa siku chache lakini ugumu wake kamili unahitaji majuma matatu au manne, na kwamba miezi ya mwanzo asiweke kile kitambaa cha katikati wala chombo cha maua mahali pamoja. Kilichofunikwa hakipati mwanga, na siku akikiondoa atakuta alama ya rangi iliyobaki nyuma, akuite wewe.